Kura ya posta wakati huu wa korona, naombeni anayejua anielekeze (Pennsylvania)

NesiUsiku, 4 Oktoba 2020

Habari za Jumapili wakuu, wakubwa wote shikamooni. Naombeni msaada kwa anayelijua hili jambo vizuri manake nimesoma mpaka macho yanauma na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Niko Pennsylvania. Niliapa uraia Februari mwaka huu, wiki chache tu kabla mambo hayajafungwa, kwahiyo tarehe 3 Novemba, uchaguzi wa rais, ndo itakuwa kura yangu ya kwanza hapa Marekani na nimeisubiri miaka mingi sana. Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mwezi wa nne korona iliwachukua wazee wangu wawili, watu niliokuwa nawaogesha na kuwalisha kwa mikono yangu, mmoja alikata roho watoto wake wamesimama nje ya dirisha. Kwahiyo mimi korona siyo kitu cha kusimuliwa. Nyumbani naishi na mama yangu, ana miaka 71, ana sukari na presha. Nikirudi asubuhi navua nguo na viatu gereji, naenda kuoga, ndo namwamkia. Naye ni raia tangu 2017, usaili alifanya kwa Kiswahili kwa sababu ya umri na miaka aliyokaa na grini kadi.

Sasa kituo chetu cha kupigia kura ni kaukumbi kadogo ka shule, dirisha hata kufunguka halifunguki vizuri, siwezi kumsimamisha mama humo ndani. Nataka wote wawili tupige kwa posta. Ila fomu naona zipo za aina mbili, moja inataka sababu ya kutokuwepo na nyingine haitaki, sijui nijaze ipi. Halafu nasikia kuna bahasha mbili na ukikosea kura inatupwa, ni kweli? Na je naweza kuchukua ya mama nikaipeleka pamoja na yangu kwa sababu yeye hatoki nje? Na posta nayo wanasema imechelewa sana mwaka huu, nisije nikatuma ikafika watu wameshaapishwa. Mume wangu yeye ana grini kadi na kaletewa barua ya kumwambia ajiandikishe, hiyo nayo imenitisha. Samahani kwa maswali mengi, sitaki kukosea mara ya kwanza.

Baba Wawili, 4 Oktoba 2020

Hongera sana dada kwa uraia, na pole kwa wazee wako. Nisalimie mama, mwambie shikamoo yangu imefika.

Mimi niko Pennsylvania pia, nilipiga kwa posta kwenye mchujo wa tarehe 2 Juni kwahiyo naongea kitu nilichokishika. Kuhusu fomu: ile inayotaka sababu ni ya kizamani, ni ya mtu aliye safarini au mgonjwa, hiyo ndo kura ya kutokuwepo yenyewe. Hiyo nyingine imeletwa na sheria ya 2019, mtu yeyote aliyejiandikisha anaomba bila kutoa sababu, na ndo yako wewe na ya mama. Karatasi zenyewe na namna ya kuhesabiwa ni kitu kilekile. Unaomba mtandaoni, wanataka namba ya leseni ya udereva, na kama huna leseni tarakimu nne za mwisho za soshali (namba ya hifadhi ya jamii). Kama mama hana leseni tumia hizo nne. Mwisho wa kuomba ni tarehe 27 Oktoba saa kumi na moja jioni, ila hiyo tarehe usiiangalie kabisa, omba leo. Na kama kuna yeyote hapa jimboni hajajiandikisha, mwisho ni tarehe 19.

Bahasha sasa, hapa nisikilize vizuri. Kwenye kifurushi utakuta karatasi ya kura, bahasha ndogo ya siri na bahasha kubwa yenye anuani ya kaunti. Unajaza vile vidoa vilivyo kando ya majina kwa kalamu nyeusi au ya bluu, unakunja, unaweka kwenye ile ndogo, unaifunga. Ile ndogo USIIANDIKE KITU, hata jina, hata kimshale, hata moyo, manake kazi yake ni kuficha nani kapiga nini. Halafu hiyo ndogo inaingia kwenye kubwa, na nyuma ya kubwa kuna tamko, unaweka sahihi na tarehe. Tarehe ya siku unayosaini, siyo ya kuzaliwa, watu wengi mkono unaenda wenyewe kwenye tarehe ya kuzaliwa kwa sababu kila fomu ya nchi hii inaiuliza. Ukiruka ile bahasha ndogo kura haihesabiwi kabisa, mahakama kuu ya jimbo imeamua hivyo tarehe 17 Septemba, wenyewe wanaiita kura iliyo uchi. Mke wangu mwezi wa sita aliiona ile ndogo akadhani ni ya ziada, kashaiweka kwenye droo ya bili na kubwa ameshailamba gundi. Tukaishikia juu ya mvuke wa birika ikafunguka, lakini naomba wewe usifike huko.

Stempu hapa kwetu mwaka huu hauhitaji, jimbo limelipia.

Ya mama kuibeba wewe, HAPANA. Hapa sheria inataka kila mtu arudishe ya kwake mwenyewe, hata mume hawezi kudondosha ya mke. Isipokuwa mtu mwenye ulemavu, huyo anajaza fomu ya kumteua mtu wa kumpelekea. Kama mama anatembea basi mpakie kwenye gari mwende wote, anashuka na barakoa yake anadondosha mwenyewe anarudi kwenye kiti. Uliza kaunti yako kama wana sanduku la nje, kaunti nyingine wanalo na nyingine hawana.

Shangazi_Kaskazini, 4 Oktoba 2020

Karibu kwenye kupiga kura mwanangu. Mimi niko jimbo la Washington, huku kura ya posta siyo habari ya korona, jimbo zima tunapiga hivyo karibu miaka kumi sasa, kila mpiga kura analetewa karatasi nyumbani bila hata kuiomba. Oregon ndio waliotangulia, wananchi waliipitisha 1998. Kwahiyo nimepiga mezani kwangu na miwani yangu na chai yangu mara nyingi na nataka kukuambia kitu ambacho Baba Wawili amekigusa juu juu, sahihi.

Mwaka fulani kura yangu ilirudishiwa barua, kwamba sahihi ya bahasha haifanani na waliyo nayo. Nilishtuka mpaka nikakaa chini, nikadhani nimeshtakiwa. Kumbe siku najiandikisha nilikuwa nimetoka kwenye kiapo, nimevaa vizuri, nikaandika jina langu lote matatu, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la pili. Miaka ikapita, kwa kusaini karatasi za watoto shuleni na makaratasi ya kazini sahihi yangu ikageuka ile mikunjo miwili na mstari. Mtu anayelinganisha ataonaje kwamba ni mimi? Nilijaza fomu waliyoambatanisha nikasaini upya nikairudisha, kura ikahesabiwa. Huku unapewa nafasi hiyo ya kurekebisha hata baada ya siku ya uchaguzi, lakini majimbo hayafanani, mengine hayakutafuti kabisa.

Ushauri wangu, toa leseni yako uiweke mezani kabla hujasaini. Angalia ile sahihi ya pale. Iige. Na mama yako zaidi, maana mikono ya wazee inabadilika, mwenye sukari anaweza kuwa na ganzi za vidole, asisaini akiwa amechoka na asisainie kwenye goti. Mwaka 2016 nchi nzima zilikataliwa takriban asilimia 1 ya kura za posta, na sababu iliyoongoza ilikuwa sahihi kutofanana. Asilimia 1 inaonekana ndogo mpaka iwe ni ya kwako.

Na kama mama hasomi Kiingereza usiogope kumsaidia. Sheria ya taifa inamruhusu asiyeweza kusoma achague mtu wa kumsaidia, ili mradi asiwe mwajiri wake au mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Msomee majina yote, hata ya majaji na wale wa chini kabisa, halafu mkono uwe wake na uamuzi uwe wake. Najua wewe ni mwanae na una chama chako moyoni, mwache.

mkuu_tx, 5 Oktoba 2020

Wakuu naomba niongeze manake kuna watu wa majimbo mengine wanasoma hapa wakidhani ni hivyohivyo kila mahali. Mimi niko Texas, nina miaka 44, mzima wa afya, kwahiyo siruhusiwi kupiga kwa posta na mada imeishia hapo. Huku mpaka uwe na miaka 65 au zaidi, au mgonjwa au mlemavu, au utakuwa nje ya kaunti kipindi chote cha kupiga kura, au uko mahabusu. Watu walienda mahakamani wakasema tunaogopa korona na hatuna kinga, mahakama kuu ya jimbo mwezi wa tano ikasema kukosa kinga peke yake siyo ulemavu. Kwahiyo mama yangu wa miaka 67 kaletewa karatasi nyumbani na mimi ninayebeba maboksi na watu 200 kwenye ghala moja naenda kupanga foleni. Inaniuma, sitaki kuficha.

Halafu tarehe 1 mwezi huu gavana katoa amri kila kaunti iwe na sehemu moja tu ya kurudishia kwa mkono. Kaunti ya Harris, Houston hiyo, ina watu zaidi ya milioni 4 na nusu na walishaandaa sehemu 12. Moja! Mzee asiye na gari afanye nini.

Kwa walio Texas, ombi la kura ya posta lazima LIFIKE tarehe 23 Oktoba, kulituma siku hiyo hakusaidii. Na sisi tuliobaki, kupiga mapema kunaanza tarehe 13 mpaka 30. Mimi nitaenda katikati ya wiki saa nne asubuhi, barakoa mbili, kalamu yangu mfukoni, natoka. Siku ya mwisho yenyewe siiendei.

Mtazamaji, 5 Oktoba 2020

Naheshimu mawazo yenu ila mimi hizi kura za posta siziamini. Karatasi inapita mikono mingapi? Posta, dereva, karani, na rais mwenyewe, Trump, anasema kutakuwa na wizi. Kwetu tulizoea unachovya kidole wino unaona sanduku lako limekaa hapo na mawakala wa vyama wanalitazama mpaka jioni. Hapa unatumbukiza barua unaondoka. Nauliza kwa nia njema kabisa, nani anaiangalia?

JiraniDirishani, 5 Oktoba 2020

@Mtazamaji swali lako ni la haki na mimi nilikuwa nalo hilohilo mpaka mwezi wa nne. Niko Wisconsin.

Sisi ndio tuliopelekwa kupiga kura kwenye korona mapema kabisa, tarehe 7 Aprili, wakati watu bado hata barakoa hawajui wanazipata wapi. Wafanyakazi wa vituo wengi ni wastaafu, wakaogopa kufa, wakajitoa na mimi siwalaumu hata kidogo. Milwaukee ambayo kawaida ina vituo 180 ikabaki na vitano. VITANO, mji mzima. Nilipita na gari jirani na shule moja, foleni imezunguka kona ikaenda ikapotea, watu wameachiana nafasi, mama mmoja ana kiti cha kukunja anasogea nacho hatua mbili anakaa, hatua mbili anakaa. Nililia kwenye gari. Mimi nilikuwa nimeshapiga kwa posta.

Na huku kura ya posta ina sharti la shahidi. Lazima mtu mzima ambaye ni raia akuone ukijaza (siyo aone unampigia nani), halafu asaini bahasha na aandike anuani yake. Mume wangu ana grini kadi, hafai. Watoto wadogo. Sasa na amri ya kukaa ndani unampata wapi raia? Nikampigia jirani, mama wa Kimarekani wa miaka kama 60 hivi, akasema njoo dirishani. Nikasimama kwenye maua yake, yeye ndani ya kioo, nikamwonyesha karatasi ikiwa tupu, nikajaza juu ya ubao wa kukatia mboga, nikaweka kwenye bahasha nikasaini, nikaiacha barazani nikarudi nyuma mpaka barabarani, akatoka na glovu akasaini akaandika anuani akaingia ndani. Dakika kumi. Majimbo mengine nayo yana sharti la shahidi, kwahiyo nyie wengine someni bahasha zenu nyuma, sehemu ya shahidi ikibaki wazi kura inakufa.

Sasa nani anaangalia? Ndo nilivyokuja kuelewa: jina lako liko kwenye daftari, karatasi inatoka kwa jina moja, bahasha ina alama zake za mistari, ikirudi inapigwa mashine na jina lako linawekwa tiki kwamba huyu ameshapiga. Ukienda na kituoni wanaliona. Wakishahakiki bahasha ndo inafunguliwa, karatasi inatengwa na jina, na mawakala wa vyama wanaruhusiwa kuwepo pale kama kwetu tu. Wanajeshi wa nchi hii walipigia kura vitani mwaka 1864. Colorado wanamtumia kila mpiga kura tangu 2013. Na rais mwenyewe mwaka huu kwenye mchujo wa Florida kapiga kwa posta. Mimi ninachokiogopa siyo mwizi, ni bahasha ya mtu wetu kutupwa kwa kukosa tarehe.

Mtazamaji, 6 Oktoba 2020

Nimekuelewa dada, hasa hapo pa mawakala, hilo sikulijua. Bado nitaenda kwa miguu yangu lakini mke wangu nimemruhusu aombe ya posta. Ameniambia alishaomba wiki iliyopita.

Baba Wawili, 6 Oktoba 2020

@NesiUsiku nilisahau mambo mawili. Posta wenyewe wanasema weka angalau wiki moja kabla ya mwisho, na mwezi wa saba waliandikia majimbo 46 barua kwamba karatasi nyingine zinaweza zisiwahi. Kwetu mahakama imeongeza muda, kura yenye muhuri wa tarehe 3 inaweza kupokelewa mpaka tarehe 6 Novemba jioni, lakini kesi bado inavutwa huko juu mahakama kuu ya taifa kwahiyo fanya kama hiyo nyongeza haipo. Na kama karatasi haiji kabisa unaweza kwenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti, unaomba pale dirishani, unapewa, unajaza, unarudisha hapohapo. Ukibadili mawazo siku yenyewe ukataka kwenda kituoni, beba karatasi na ile bahasha kubwa uwakabidhi waziharibu ndo upige kwa kawaida. Ukienda mikono mitupu watakupa kura ya muda ambayo inahakikiwa baadaye.

Mume wako sasa. Hiyo barua aitupe. ASIJAZE. Hata kama ina nembo nzuri na jina lake limepatiwa vizuri, hizo barua nyingi vikundi vinatuma kwa orodha tu, hawajui nani raia nani siyo. Mwenye grini kadi akijiandikisha na kupiga kura ya taifa ni kosa la jinai, anaweza kurudishwa nyumbani na uraia asiuone. Na pale kwenye dirisha la leseni wakimuuliza kama anataka kujiandikisha ajibu hapana kwa sauti na aangalie kisanduku kabla hajasaini. Nina mtu wa karibu alisema ndiyo kwa kutoelewa swali na mpaka leo analipa wakili. Hili nawaomba mlisambaze kwa kila mtu mgeni mnayemjua, makanisani misikitini kila mahali.

NesiUsiku, 9 Oktoba 2020

Wakuu sijui niwashukuruje. Maombi yote mawili nimetuma usiku uleule nikiwa mapumziko kazini, saa nane za usiku kwa simu, na jana wamekubali. Barua ya mume nimeichana mwenyewe. Shangazi, nimetoa leseni nikailinganisha na ninavyosaini kazini, ni watu wawili tofauti kabisa! Mama tumefanya mazoezi kwenye daftari la mjukuu, ameandika jina lake mara kumi na mbili, la kumi na mbili likafanana na kitambulisho.

Shangazi_Kaskazini, 9 Oktoba 2020

Mwambie mama huyo wa kumi na mbili ndiye. Asaini asubuhi akishakula.

NesiUsiku, 23 Oktoba 2020

Narudi kama nilivyoahidi. Karatasi zilifika tarehe 15, yangu na ya mama siku moja. Jumamosi tukakaa mezani, nikamsomea mama majina yote kama shangazi alivyosema, akanisimamisha kwa wale wa bunge la jimbo akataka nimtafutie huyu ni nani na huyu ni nani, ikatuchukua karibu saa nzima. Kuna mmoja kachagua mimi nisingemchagua. Nimenyamaza. Bahasha ndogo, bahasha kubwa, sahihi, tarehe, nikazihesabu mara tatu.

Jumatatu nikitoka shifti nikampakia, kaunti yetu wana sanduku la chuma nje ya jengo, kuna kamera juu. Hakukuwa na mtu. Nilidhani atadondosha tuondoke, lakini alisimama pale na barakoa yake ameishika ile bahasha kwa mikono miwili, akaniuliza, kwahiyo hapa haishikwi na mtu mwingine? Nikamwambia hapana mama, mpaka wao wafungue. Akaisukuma, akaingiza vidole kuhakikisha imeanguka, nikamwambia mama vidole, nikampaka sanitaiza hapohapo.

Jana imeili imekuja, zote mbili zimepokelewa na kurekodiwa. Yangu sijali sana ila ya mama nimeichapa, kaiweka kwenye Biblia. Watu wa kuhesabu hapa hawaruhusiwi kufungua bahasha mpaka saa moja asubuhi ya siku yenyewe, kwahiyo nimemwambia asitegemee matokeo usiku uleule, itachukua siku.

Jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya pili kaapa mwaka jana na hajaomba bado, alidhani ameshachelewa. Naenda kumjazia sasa hivi kabla sijaingia kazini, tarehe 27 bado siku nne.